Kuhamia shamba na wapendwa wenzako: vitu vitatu vinavyochanganywa kwenye jumuiya za Kikristo za kujitegemea

Kila mvua zikikaribia hapa Dodoma lazima utasikia kikundi fulani cha wapendwa wanapanga kununua shamba kubwa pamoja, mara Chamwino, mara Bahi, mara huko Kongwa kwa ndani, wajenge wahamie na familia zao, walime chakula chao wenyewe, wafunge sola, wachimbe kisima, wasali asubuhi na jioni na waachane kabisa na umeme wa LUKU na kodi ya nyumba na kelele za mjini. Mimi hili wazo nalipenda toka moyoni na wala sioni kama ni la ajabu, Wakristo wamekuwa wakilifanya toka karne ya kwanza. Ila haya mazungumzo nimeyafuatilia sana na naona yanakwama palepale, watu wanabishana wiki nzima betri gani inadumu, halafu swali la shamba liandikwe jina la nani linapitishwa dakika tano za mwisho kabla ya sala ya kufunga kikao. Ndo maana naandika. Nataka tuyafumue haya mambo maana yamesukwa pamoja kama kitu kimoja wakati ni vitu vitatu, na kila kimoja kina ugumu wake.

Kitu cha kwanza ni kuishi nje ya gridi, yani umeme na maji unajitafutia mwenyewe. Cha pili ni kujitegemea, unachokula na kutumia kinatoka mikononi mwenu. Cha tatu ni mali shirika, mnakuwa na mfuko mmoja na shamba moja na hamna cha kwangu na chako. Watu wakisema jumuiya ya Kikristo ya kujitegemea wanaona vyote vitatu kwa mpigo, lakini ukiangalia waliofanya kweli utakuta karibu kila kundi limechagua kimoja au viwili na kile kingine limekiacha.

Chukua Waamish, Wakristo wa Marekani. Hao umeme wa gridi hawavuti, wanaona unawafunga na dunia, ila kulingana na kanisa husika utakuta sola, jenereta ya dizeli, gesi, na huwezi kuwaita watu wa mali shirika hata kidogo maana shamba ni la familia, ng'ombe ni wa familia, wanachoshirikiana ni kubebana, ghala la mtu likiungua majirani wanakuja wanalijenga upya. Sasa nenda kwa Wahutterite, Wakristo wengine walioanza Moravia huko Ulaya mwaka 1528 na kuchukua jina la Jakob Hutter aliyechomwa moto Innsbruck mwaka 1536 kwa ajili ya imani yake. Hao wana mfuko mmoja kabisa, mtu hana akaunti yake, lakini wana umeme kama kawaida na matrekta makubwa kuliko ya majirani zao, wanauza nguruwe na mayai na nafaka sokoni. Na huku kwetu masista Wabenediktini wa Chipole, mkoani Ruvuma, wamevuka mpaka mwingine kabisa, walijenga mtambo wa umeme wa maji Tulila kwenye mto Ruvuma, ulioanza kazi mwaka 2015, na wanaiuzia TANESCO, shirika la umeme la taifa. Jumuiya ya mali shirika, watu wa sala na kazi, halafu gridi ndo inawategemea wao!

Na kuna kundi la nne ambalo hakuna anayelitaja kwenye hivi vikao, wenyeji wenyewe. Bibi zetu wa Kigogo waliishi nje ya gridi na kujitegemea miaka yote bila katiba wala michango ya kila mwezi, kwenye nyumba ya tembe, na uwele, na mlenda, na mbuzi. Kwa hiyo ukija hapa ukidhani unaleta maisha mapya porini, hapo unapopaita pori kuna watu wanapajua kila mti, anza kwa kuwaamkia na kuwauliza.

Maji

Hapa ntakaa kidogo maana ndo panapoamua kama mtabaki au mtarudi mjini. Dodoma inapata mvua kama milimita 550 kwa mwaka, kuna miaka inapungua sana, na zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni kiangazi mpaka Novemba inaisha. Jua na upepo vinaweza kukausha maji mara tatu ya hiyo mvua, kwa hiyo bwawa la wazi mnaloliona limejaa mwezi wa nne msilipigie hesabu ya mwezi wa kumi.

Hesabu yenyewe ni rahisi na naomba kila kikundi kiifanye kabla hakijatoa hata shilingi ya nauli. Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba ya mita 10 kwa 10, mvua ya 550, ukitoa yanayoruka na kumwagika na kukaukia juu, unabaki na kama lita 44,000 kwa mwaka. Sasa mko watu 40, kila mtu lita 20 kwa siku za kunywa, kupikia, kuoga kwa kubana na kufua kwa zamu, hiyo ni lita 800 kwa siku, karibu lita 292,000 kwa mwaka. Mnahitaji paa za nyumba saba za saizi hiyo, zote zina gata, na matenki ya kubeba kiangazi chote ambacho peke yake kinakula kama lita 184,000, yani matenki ya lita 5,000 yapatayo 37. Na hapo hamjampa ng'ombe hata tone, ng'ombe mmoja anaweza kunywa lita 30 mpaka 40 kwa siku ya joto, na mwaka mbaya mvua ikishuka hadi 350 hizo nyumba saba hazitoshi tena.

Kuna kitu kinaniuma kidogo hapa. Tembe ni nyumba nzuri mno kwa joto la huku, paa la udongo mchana ndani kumepoa, usiku wa mwezi wa saba hakuna baridi kali, inajengwa kwa vitu vya palepale. Lakini paa la udongo haliwezi kukuvunia maji ya kunywa. Bati linakuvunia maji ila saa nane mchana ndani hakukaliki. Kwa hiyo wanaotaka kujenga kwa asili wajue wanachagua kati ya ubaridi na maji, na mimi ningeshauri mlale kwenye kuta nene za udongo au matofali ya kuchoma, muweke bati juu na dari chini yake, halafu jengo la ibada, ghala na mabanda yote yawe bati yenye gata, maana kanisa lenu ndo litakuwa paa kubwa kuliko yote na mvua haijali kama ni kanisa.

Kisima kirefu watu wanakiona kama jibu la kila kitu. Kinasaidia sana, ila huku kati maji ya chini mengi yana chumvi, kuna sehemu unachimba unapata maji ambayo hata sabuni inakataa kutoa povu. Kwanza mpate mtaalamu wa kupima, mkishapata maji mpeleke sampuli maabara, na kabla ya vyote kibali cha kuchimba kinatoka bodi ya maji ya bonde, na mjue bonde lenu ni lipi maana mkoa huu umegawanyika, upande wa Kongwa maji yanaelekea Wami, Bahi ni Bonde la Kati ambalo mito yake haifiki baharini, na kusini kule Mtera ni Rufiji.

Kama mtu anabisha kwamba mvua ndo bosi hapa, Kongwa pana ushahidi mkubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga pale, na matrekta, na reli, na pesa ya serikali, wakaja kugundua mvua haiaminiki na udongo ukikauka unakuwa mgumu hata karanga haichimbiki, mwaka 1951 ukafungwa baada ya kuteketeza paundi kama milioni 36. Hawakukosa vyombo wala elimu. Waliamua kwanza, wakapima baadaye.

Umeme

Huku sola ni sehemu rahisi kuliko zote kwa hiyo sitakaa sana. Jua tunalo, paneli za kilowati moja zinakupa kama uniti nne hadi tano kwa siku, taa za nyumba zote na simu na friji dogo la dawa havizidi hapo mkiwa na nidhamu. Betri za asidi usizitumie kupita nusu ya chaji, zitakufa mapema, za lithiamu ni ghali ila zinavumilia. Na pampu ya maji msiiunge kwenye betri, ifanye kazi mchana moja kwa moja na paneli, ipandishe maji kwenye tenki la juu, usiku maji yanashuka yenyewe bila betri hata moja.

Kinachosahaulika ni kupika. Watu 40 wanakula mara mbili au tatu kwa siku, na sufuria ya maharage inayochemka masaa matatu haiulizi una paneli ngapi, itakula kuni, na kuni za Dodoma zinaisha mbele ya macho yenu mkizikata hovyo. Bayogesi inataka ng'ombe na inataka maji kila siku, rudi kwenye hesabu ya juu. Majiko banifu, sawa. Ila dawa yenyewe ipo ardhini tayari, wale vijana wa Kisiki Hai wanaozunguka vijiji vya huku wanafundisha kitu ambacho kila kikundi kingejifunza mwaka wa kwanza, kwamba visiki vinavyoonekana vimekufa vina mizizi hai chini, unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, mengine unapogoa, unafunga alama na kuzuia mbuzi, baada ya miaka michache una miti bila kupanda wala kumwagilia. Njia hii aliiendeleza Tony Rinaudo, mmisionari wa Australia kule Niger miaka ya 1980, baada ya miche aliyokuwa anapanda kufa miaka nenda rudi.

Chakula

Mtu mzima na mtoto ukiwachanganya, weka gramu 400 za nafaka kwa kichwa kwa siku, watu 40 wanakula karibu tani sita kwa mwaka, yani gunia 58 hivi za kilo 100. Kwa mkulima wa kawaida wa uwele au mtama huku, gunia tatu nne kwa eka ni mwaka usio mbaya, kwa hiyo mnazungumzia eka 15 mpaka 20 za nafaka tu, bado karanga, kunde, choroko na alizeti ya mafuta, na zote mnazilima kwa wakati mmoja maana mvua ya kwanza haisubiri mtu amalize semina. Naona vikundi vinapanga mahindi kwa sababu wamezoea sembe. Mahindi huku ni kamari. Uwele na mtama vinastahimili, ugali wake ni mzito na mzuri, na watoto wanauzoea wiki mbili kama wazazi wao hawaununii mezani.

Kuhifadhi ni kazi nusu ya kulima. Mwaka 2016 watu walikufa huku Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, ile sumu ya fangasi inayoota kwenye mahindi na karanga visivyokauka vizuri, haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Familia moja moja ikikosea inaumia familia moja, lakini jumuiya yenye ghala moja ikikosea wanakula wote. Kwa hiyo anikeni kwenye turubai sio chini kwenye udongo, nafaka ikauke kisawasawa, iingie kwenye mifuko ya kinga njaa ile yenye nailoni mbili ndani ambayo hewa haipiti na dumuzi wanakufa bila dawa, na ghala zigawanywe mawili matatu.

Kuna mama mmoja wa Bahi alinionyesha namna anavyofanya mlenda, na nilijifunza kujitegemea kwake kuliko kwenye semina nyingi. Mvua zikiwa zimechanganya anachuma majani kwa wingi, wakati wengine wanakula mabichi yeye nusu anaanika juu ya jamvi kivulini, yakikauka anayatwanga kwenye kinu anachekecha, unga wa kijani anaujaza kwenye chungu anafunika na kitambaa. Nikamuuliza, "Mama, hiki chungu kinafika mwezi wa ngapi?" Akasema, "Mwanangu, cha mwaka jana bado kipo, hiki nakipikia mwaka ukiharibika." Yani anaweka akiba ya mwaka mbaya wakati mwaka mzuri bado haujaisha, kijiko kimoja na karanga za kutwanga familia imekula mboga mwezi wa kumi wakati nje hakuna jani. Kikundi chenye sola ya mamilioni kisicho na chungu kama kile bado hakijajitegemea.

Halafu kuna chumvi. Na kiberiti, sabuni, madaftari, dawa, vipuri vya pampu, nauli ya kwenda kuzika. Hakuna jumuiya iliyojitegemea asilimia mia, na zile zilizodumu zote zina kitu zinauza. Jumuiya ya Kikristo ya Bruderhof, walioanzia Ujerumani mwaka 1920, wakafukuzwa na Wanazi, wakapita Uingereza mpaka Paraguay, leo wanaishi kwa kutengeneza vifaa vya michezo ya watoto na vifaa vya walemavu. Kwenu inaweza kuwa asali, mafuta ya alizeti na mashudu yake, ubuyu, zabibu kama mna maji ya kumwagilia. Ila kiwepo na kijulikane toka mwanzo, maana jumuiya isiyo na cha kuuza inaishia kuishi kwa michango ya wafadhili, na mfadhili ndo anakuwa mchungaji wenu wa kweli hata kama hajawahi kufika.

Mfuko mmoja

Sasa tumefika ambako napaona ndo penyewe. Matendo 2 inasema walioamini walikuwa mahali pamoja "na kuwa na vitu vyote shirika", na mstari huu ndo unaosomwa kwenye kila kikao. Lakini sura ya 5 inayomhusu Anania na Safira watu wanaisoma kwa kutishana, kama vile waliadhibiwa kwa kubakiza fedha. Soma alichosema Petro: "Kilipokuwa kwako, hakikuwa mali yako?" Anamwambia wazi kabisa shamba lilikuwa lake na hata baada ya kuuza hela ilikuwa kwenye uwezo wake, kosa ni kudanganya. Kwa hiyo hata kanisa la kwanza halikumlazimisha mtu kutoa, na anayetumia habari ya Anania kuwabana watu wauze viwanja vyao vya Nkuhungu walete hela anapindua maneno.

Nchi hii inajua tofauti ya kutoa kwa hiari na kusukumwa, na Dodoma inaijua kuliko mikoa mingi. Kulikuwa na Litowa kule Ruvuma, kijiji cha watu walioamua wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulima pamoja na kugawana, vingine vikafuata, mpaka wakawa na umoja wao, na Mwalimu Nyerere aliuona kama mfano kabla umoja huo haujafutwa mwaka 1969. Halafu kukaja operesheni. Huku ilikuwa 1971, Operesheni Dodoma, watu wakakusanywa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika, Mwalimu mwenyewe alikuja Chamwino kufanya kazi na wanakijiji. Nia ilikuwa njema, shule na maji viwafikie watu, na wengi vikawafikia kweli. Ila muulize mzee yeyote wa huku shamba la kijiji lilikuwaje, atakuambia jembe la shamba la kijiji lilikuwa jepesi na la shamba lako lilikuwa zito, yani la kijiji liligusa juujuu tu, la kwako lilizama. Mtu aliyechaguliwa jumuiya badala ya kuichagua hulima hivyo, na hata aliyeichagua ataanza kulima hivyo siku akiona jirani yake anakaa kivulini na chakula wanapata sawa.

Kwa hiyo kazi iandikwe. Paulo aliwaambia Wathesalonike asiyetaka kufanya kazi asile, na Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nani anachota, nani analinda nyani, nani anapika watu 40, na kama jibu la hilo la mwisho ni kinamama wote na siku zote mjue mmehamia shamba na mgawanyo uleule wa mjini, na wao ndo watakuwa wa kwanza kutaka kurudi, tena kwa haki.

Na kuondoka kuandikwe kabla ya kuingia. Hili watu wanaona aibu kulisema, wanaona kama kukosa imani, mbona tunaongelea kuachana hata hatujaoana. Sikilizeni walichofanya watawa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, sura ya 58, inasema anayetaka kujiunga asipokelewe kirahisi, asomewe kanuni yote mara kadhaa ndani ya mwaka mzima na kila mara aambiwe akiweza abaki na asipoweza aende kwa uhuru, mali aigawe mwishoni kabisa, na nguo zake alizokuja nazo zisitupwe, zitunzwe kwenye chumba cha nguo ili siku akiondoka awe na chake cha kuvaa. Miaka karibu 1,500 iliyopita mtu aliyeamini kabisa maisha ya pamoja aliandika utaratibu wa kutoka. Wengine walikuwa wakali zaidi, kwa Wahutterite kwa desturi anayeondoka hana fungu lake, na ndo maana wengi wanaogopa kuondoka hata wakiwa wamechoka. Kwangu mimi watawa wako sahihi hapa. Mwaka wa kwanza mtu aje na aishi bila kuuza kitu mjini, mwaka wa pili achangie nguvu na kiasi, na kama kuna hela ameweka kwenye nyumba au kisima iandikwe ni mkopo au ni sadaka, kwa maandishi, mke na mume wote wamesaini.

Ukubwa nao una mwisho wake. Wahutterite wakikaribia watu 150 wananunua ardhi nyingine na nusu wanahama, kwa sababu wameona wakizidi hapo kunakuwa na watu wasio na kazi ya kueleweka na makundi yanaanza. Msifurahie sana kuongezeka.

Kuhusu uongozi nitasema bila kuzunguka. Mwaka 1978 Jonestown, Guyana, zaidi ya watu 900 walikufa kwenye jumuiya iliyoanza kama kanisa na shamba la kujitegemea. Mwaka 2000 Kanungu, Uganda, yakawakuta hayohayo mamia ya waumini. Mwaka 2023 hapa jirani Shakahola, Kilifi, waumini walihamia msituni, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, ikiwemo ya watoto wengi. Hawa waliokufa walikuwa watu wa maombi kama mimi na wewe, waliuza vitu vyao wakaenda kumtafuta Mungu. Kwa hiyo mwenye kikundi akisema sisi hatufanani nao usitosheke na neno, angalia vitu. Je ndugu zako wanaweza kuja kukutembelea bila kuomba ruhusa na wakalala? Mtoto anaenda shule ya kijiji na watoto wengine? Mgonjwa anapelekwa zahanati siku hiyohiyo au kwanza mpaka kiongozi aseme? Simu yako na kitambulisho chako cha NIDA viko mfukoni mwako? Mtu akimpinga kiongozi kikaoni kesho yake anasalimiwa? Kimoja kikikosekana usihamie, na kama umeshahamia toka na watoto wako kwanza vitu vitafuata. Na ujue mtoto kutopelekwa shule ya msingi sio uamuzi wa jumuiya, ni kosa kisheria, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda hata dhidi ya mzazi wake mwenye nia njema.

Ardhi iwe ya nani

Nimebakiza hili la dakika tano. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Kwa hiyo karatasi yenye sahihi ya mwenye shamba, balozi na mtendaji peke yake haitoshi hata iwe na mihuri mitatu, mnataka muhtasari wa mkutano mkuu, na kabla ya muhtasari mnataka wanakijiji wawajue nyie ni nani, mnaabudu nini, na kisima chenu jirani atachota au atafukuzwa. Mkimnyima jirani maji mwezi wa kumi msishangae uzio wenu ukikosa marafiki. Rafiki wa huduma kutoka nje ya nchi hawezi kuandikishwa kama mmiliki hata kama hela ni yake, asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji tena kupitia utaratibu wa serikali.

Halafu jina. Vikundi vingi vinaandika jina la mchungaji au la yule mwenye hela nyingi, kwa upendo kabisa, kwa kuaminiana. Siku akifa, shamba linaingia kwenye mirathi na watoto wake ambao hawajawahi kulala hapo wanakuja na msimamizi wa mirathi, na wana haki. Akigombana na mkewe, shamba liko kwenye kesi. Njia zipo mbili za kueleweka, ama mnasajili jumuiya kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, mkaunda bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na ardhi ikawa ya bodi, ama mnakuwa ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 wenye daftari la hisa za kila mtu. Ya kwanza inawafaa wanaotaka mfuko mmoja kabisa, ya pili inawafaa wanaotaka kusali pamoja na kulima pamoja huku kila familia ikijua fungu lake, na kwa vikundi vingi ninavyoviona hapa Dodoma, vya familia changa zenye watoto na wazazi wa kutunza nyumbani, hiyo ya pili ndo saizi yao. Wadhamini wasiwe wa ukoo mmoja, wabadilike kwa kipindi, na hesabu zisomwe mbele ya kila mtu mzima kila baada ya mavuno, wanawake wakiwepo na wakiuliza.

Kama mnataka kuanza msimu huu, msinunue. Kodini eka tano kwa mwenyeji, mlime uwele na karanga pamoja mvua moja, muweke chombo cha kupimia mvua cha bei ndogo na mtu mmoja aandike kila asubuhi, na mwezi wa sita mkivuna mgawane mbele ya wote. Wakati mnagawana gunia ndo mtawajua mtakaoishi nao, na hapo ndo mwende kwa mtendaji kuulizia shamba.